Pini tano za nini, mshikaji?

Wiki hii yale mambo yetu ya nani kamwacha nani tumeyaweka kando kidogo, wenyewe mtanisamehe. Kuna mshikaji mmoja wa Majengo, hapa hapa Songea, jina nalihifadhi kwa sababu mama yake anausoma ukurasa huu kuliko hata yeye, kaniletea mpya. Kaka yake anayebeba maboksi ughaibuni karudi likizo, na kwenye begi, badala ya zile jinzi na raba tulizozoea, kachomoa upinde. Siyo ule wa mjomba wa kijijini wa kupinda mti na kufunga kamba. Huu ni wa kisasa, mweusi tii, una makapi mawili juu na chini, kamba zinapishana kama nyaya za TANESCO uswahilini, na ubavuni una kiduara chenye vijiti vitano vya rangi vinavyong'aa kama taa za disko.

Swali lake lilikuwa fupi: hivyo vijiti vinapangwaje? Halafu akashusha sauti, kama mtu anayeulizia dawa ya nanihii dukani, akasema akishavipanga ana mpango wa kupanda basi la Namtumbo, aingie porini, atoke na mbawala wa Krismasi. Kijiweni ameshaahidi watu nyama. Wawili wameshanunua na pilipili.

Ngoja tuanze na hilo la basi, maana ndilo linaloweza kumpeleka mtu pabaya. Mnyama wa porini nchi hii siyo wa aliyemwona kwanza. Ni mali ya umma, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 iko wazi: huwindi bila kibali. Ile misitu unayoiona dirishani ukielekea Namtumbo na Tunduru ina wenyewe. Kuna Selous, halafu kuna maeneo ya hifadhi ya jamii, Mbarang'andu, Kimbanda na Kisungule upande wa Namtumbo, Nalika na Chingoli upande wa Tunduru, yanayosimamiwa na vijiji vyenyewe na askari wao wanatembea humo usiku na mchana. Silaha nayo si ya kujichagulia. Anayewaza upinde aende kwanza TAWA, wenye dhamana ya wanyamapori, aulize kama upinde wa aina yake unakubalika, kwa mnyama gani na eneo gani, na jibu apewe kwa maandishi. Bila hivyo, hata upinde wako uwe wa dola elfu, wewe ni jangili tu. Tena jangili wa kimya kimya, ambaye askari wa porini wanamchukia zaidi kwa sababu hasikiki mlio.

Mshikaji alinuna. Nikamwambia usinune, upinde tutaupanga, na tutaupanga kama wa mtu anayekwenda kuwinda kweli. Siku ukipata kibali utakuwa tayari, na usipokipata una mchezo wa maana. Wenzetu wa Kenya walipigwa marufuku kuwinda tangu 1977, lakini mchezo wa upinde hawakuuacha. Mwaka 2016 kwenye Olimpiki ya Rio, aliyebeba bendera yao siku ya ufunguzi hakuwa mkimbiaji, alikuwa mpiga mishale, dada Shehzana Anwar. Unaona mambo hayo?

Sasa tuuangalie upinde wenyewe. Kijiweni walishaanza kumpa kichwa jamaa yangu kwamba yeye Mngoni, shabaha iko kwenye damu. Jamani! Wazee wa Kingoni walikuja huku kutoka kusini na mkuki mfupi wa kuchoma kwa karibu na ngao ya ngozi ya ng'ombe. Upinde haukuwa sifa yao. Kwa hiyo kama kuna kitu kwenye damu yake ni kumsogelea adui mpaka amnuse, na huko mbele mtaona kwamba hicho ndicho kilichomfaa.

Upinde wa makapi ni mtoto wa juzi tu. Mmarekani wa jimbo la Missouri, Holless Wilbur Allen, aliomba haki ya ubunifu wake mwaka 1966 na akapewa 1969. Akili yake ilikuwa kwenye yale makapi. Upinde wa kawaida ukiuvuta, kadiri unavyovuta ndivyo unavyozidi kuwa mzito, na pale mwisho, unapotaka kutulia ulenge, ndipo mkono unatetemeka kama umeshika jenereta. Huu wa makapi unakuwa mzito katikati, halafu makapi yakishageuka unalegea. Wa jamaa ni wa pauni 60, yaani kilo 27, zaidi ya ndoo kubwa ya maji. Lakini ukishauvuta mpaka mwisho unabaki umeshikilia kama kilo 5 na kitu, mfuko mdogo wa unga wa sembe. Ndiyo maana mtu anapata nafasi ya kuangalia vijiti. Na tafadhali, usiuvute ukauachia bila mshale. Nguvu ile yote ikikosa mshale wa kuibeba inarudi kwenye upinde wenyewe, na vipande vyake havichagui jicho la nani.

Kile kiduara chenye vijiti, wenyewe wanakiita saiti. Siyo saiti ya mafundi ujenzi, hii ni ya kulengea. Vile vijiti ni pini, na kila pini ina umbali wake. Ya juu kabisa ni ya karibu, kawaida yadi 20. Inayofuata yadi 30, halafu 40, halafu 50, na ya chini kabisa 60. Kwa nini zipangwe kushuka? Kwa sababu mshale hauendi moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Unaanguka njia nzima. Chukua mshale wa futi 280 kwa sekunde, yaani meta 85 hivi. Ukifika yadi 20 umeshaanguka kama robo ya meta kutoka kwenye mstari ulioanzia. Yadi 30 ni nusu meta. Yadi 40 unakaribia meta nzima. Kwa hiyo kitu kikiwa mbali lazima uinue upinde, na pini ya chini ndiyo inayokulazimisha kuuinua.

Yadi zenyewe zisikusumbue, mpenda soka unazijua tayari. Mtangazaji akisema mpira uko ndani ya kumi na nane, ni yadi hizo hizo. Simama Uwanja wa Majimaji kwenye mstari wa goli, angalia mwisho wa boksi, sogea hatua mbili zaidi: hapo ni yadi 20, meta 18 na kidogo. Yadi 40 ni meta 36 na nusu, umeshalipita boksi zamani, duara la kati lile linakukaribia. Sasa nenda siku moja ukaangalie goli kutoka hapo, halafu uniambie mbawala angekuwa na ukubwa gani.

Tulikwenda Mshangano, mwezi wa nane, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa. Tulikuwa watatu, yeye, mimi na binamu yake wa kike ambaye alikuja kutucheka na mwisho akawa ndiye anayepima. Tulibeba magunia mawili ya salfeti tuliyoyashindilia matambara ya mitumba na maganda ya mahindi mpaka yakawa magumu kama godoro la bweni. Nyuma ya magunia kichuguu kirefu kuliko mtu, maana mshale ukikosa gunia lazima uwe na pa kuishia, na nyuma ya kichuguu bonde tupu. Mwenyekiti wa mtaa alishapewa taarifa. Tulikuwa pia na kamba ya manila yenye mafundo kwenye yadi 10, 20, 30 na 40. Kwa hatua za kukadiria usipange saiti, kila mtu ana miguu yake.

Jamaa alitaka aanze na pini saa hiyo hiyo. Ngoja kwanza. Pini ni jambo la mwisho. Kama mkono wako wa kuvuta leo unaishia kwenye taya na kesho unaishia sikioni, pini haina kosa, wewe ndiye unayehamahama. Tukakubaliana: kidole kwenye kona ya taya, upote uguse ncha ya pua, kila mara pale pale. Kwenye upote kuna kitundu kidogo cha kuchungulia. Ukivuta mpaka mwisho ukichungulia, duara la kitundu na duara la saiti vikae kimoja ndani ya kingine kama sahani katikati ya sinia. Visipokaa hivyo, kipandishe au kishushe kitundu, usiinamishe shingo kukifuata.

Halafu angalia chini ya duara la saiti, kuna kichupa kidogo chenye maji na povu. Fundi mwashi yeyote anakijua, ni pima maji. Povu likae katikati. Songea tunayajua maji ya Kinjeketile ya mwaka 1905 ambayo hayakuzuia risasi. Haya ya kwenye saiti kazi yake ndogo, ila wanaoyapuuza ni wengi. Upinde ukilala kulia, mshale unakwenda kulia. Yadi 20 unaweza usione. Yadi 40 utaona na utaanza kusingizia upepo.

Tukaanza yadi 10, pini ya juu, kuhakikisha tu mshale unaingia gunia. Halafu tukarudi yadi 20. Binamu alikuwa ametoboa karatasi katikati kwa duara la sahani ya kikombe cha chai, ambalo ndilo eneo la moyo na mapafu ambalo mtu angepaswa kulitafuta kwa mnyama wa ukubwa wa mbawala. Jamaa akapiga mishale mitatu. Yote ilikwenda kushoto, upana wa kiganja, lakini ikakaa pamoja kama ndugu. Akafurahi? Wapi! Akakata tamaa. Nikamwambia hiyo ndiyo habari njema. Mishale inayokosa pamoja inarekebishika kwa spana, inayotawanyika inarekebishwa na mazoezi.

Hapo sasa ndipo watu wengi wanapotea. Mishale imekwenda kushoto, pini tunaipeleka wapi? Jamaa akasema kulia, ili iurudishe mshale. Binamu naye akasema kulia. Hapana. Pini inaufuata mshale. Mshale ukienda kushoto, peleka pini kushoto. Ukienda juu, peleka pini juu. Fikiria hivi: ukiisogeza pini kushoto, ili uiweke tena katikati ya karatasi itabidi uusukume upinde mzima kulia, na upinde ndio unaobeba mshale. Tukachukua ile spana iliyopinda kama herufi L, tukalegeza, tukalisogeza duara zima kushoto milimita moja na ushee, tukakaza. Mishale mitatu tena. Ikasogea. Tena kidogo. Mara ya tatu yote mitatu ndani ya sahani. Binamu akapiga vigelegele, ng'ombe wa jirani wakageuka.

Angalia kwamba nimesema duara zima. Kushoto na kulia unarekebisha mara moja tu, kwa pini ya yadi 20, na unarekebisha duara lote na pini zake zote. Ukishamaliza hapo, pini nyingine unazigusa kwa juu na chini peke yake. Ukifika yadi 30 ukaona mishale inakwenda pembeni, usiisogeze pini ya 30 pembeni ukaiacha ya 20 pale ilipo. Pini zikae kwenye mstari mmoja wima kama askari wa gwaride. Zikitaka kupinda, kosa liko kwingine: pima maji umelipuuza, au saiti imefungwa upande, au pale mshale unapokalia pamehama.

Yadi 30 ilikwenda vizuri. Pini ya pili ilikuwa juu mno kwa kuanzia, mishale ikawa inaingia chini, tukaifuata chini, mishale tisa kazi ikaisha. Sahani ilipokea miwili kati ya mitatu, halafu baada ya maji ya kunywa na maneno mawili matatu, mitatu kati ya mitatu. Nafasi kati ya pini ya 20 na ya 30 ilikuwa kama milimita 4. Kutoka ya 30 kwenda ya 40 lazima iwe kubwa zaidi kidogo, kwa sababu mshale ukizidi kwenda ndivyo unavyozidi kuanguka. Ukikuta pini zako zimepishana sawa sawa kama vifungo vya shati, au za chini zimebanana kuliko za juu, kuna mahali umejidanganya, rudi mwanzo.

Yadi 40 ndipo tulipoanza kugombana.

Mshale wa kwanza sahani. Jamaa akatuangalia sisi kama Majimaji iliyotwaa ubingwa. Wa pili chini ya sahani, wa tatu kulia kwenye ukingo wa gunia, wa nne juu, wa tano sahani tena. Tukaendelea mpaka mishale kumi na mbili. Binamu akachukua kipande cha mkaa akazungushia matundu yote mstari: lilitoka duara la ungo wa kupepetea mahindi. Braza, akaniambia, si umeona miwili imeingia? Nimeona. Na kumi je? Akasema kumi ni ya mazoezi. Nikamuuliza, sasa mbawala naye tutamwambia hii ya kwanza ilikuwa ya mazoezi?

Hapa msomaji naomba utulie, kwa sababu ndiyo sababu ya kuandika yote haya. Vigumba vya kuwindia vya upinde wa kisasa ni nyembe tupu. Havina sumu wala havina mshtuko wa risasi. Vinaua kwa kukata na kumwaga damu, basi. Vikipita kwenye mapafu, mnyama anaweza kuanguka baada ya sekunde chache. Vikipita tumboni anakimbia, anajificha, anakufa taratibu siku hiyo au kesho yake, na nyama wanakula fisi. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hawana pini hata moja kwenye upinde, na ni wawindaji ambao mimi na wewe hatuwafikii hata tukizaliwa upya. Lakini wana vitu vitatu ambavyo jamaa yangu hana: wanamsogelea mnyama karibu sana, wana subira ya kufuata nyayo, na kwa wanyama wakubwa mshale unakuwa na sumu ya miti, kwa hiyo hata jeraha dogo linamaliza kazi. Sumu kwa mwenye kibali wa kawaida sheria inakataza. Ukiiondoa sumu, umebaki na mahali unapochoma tu. Sahani au si sahani.

Na kuna jambo la pili ambalo karatasi haikwambii. Karatasi haina masikio.

Nikamwomba binamu ahesabu: sikiliza upote ukilia, halafu sikiliza mshale ukigonga gunia. Tii! Pu! Kati ya hizo mbili kuna nafasi, hata asiyejua chochote anaisikia. Sauti inakwenda meta 340 kwa sekunde. Mshale wetu meta 85. Sauti ni kasi mara nne ya mshale! Kwa hiyo kwenye yadi 40, mlio wa upote unamfikia mnyama baada ya sehemu moja tu ya kumi ya sekunde, na mshale bado una theluthi nzima ya sekunde barabarani. Mbawala ni mwoga kwa kazi. Akishtuka anachutama kwanza ili apate nguvu ya kuruka, na akichutama mgongo unashuka. Ulilenga mapafu, mshale unakuta uti wa mgongo au hewa, au akiwa ameshageuka unakuta paja. Pini yako ilikuwa sahihi, mkono wako ulikuwa sahihi, na bado umemjeruhi. Kwenye yadi 20 nafasi yake ya kushtuka ni nusu ya hiyo. Yadi 60 sitaki hata kuipigia hesabu.

Bado kuna lile la kuchagua pini. Ukiwa shambani Mshangano na kamba ya mafundo, unajua hii ni 30. Porini hakuna mafundo. Moyo unadunda, jasho liko jichoni, pini tano zinakukonyeza, umbali umeukadiria kwa macho. Ukiweka pini ya 30 kwa mnyama aliyeko 40, kwa upinde kama huu mshale unaingia kama sentimita 20 chini. Umeshatoka nje ya sahani. Kwenye milima kama hii yetu ya Matogoro mambo yanazidi, kwa sababu kinachohesabika ni umbali wa usawa, siyo wa mteremko. Kitu kikiwa yadi 40 kufuata mteremko mkali wa nyuzi 30, upinde ulengwe kama kwa yadi 35 hivi, iwe unapiga kupanda au kushuka. Wanaotumia 40 kamili wanapiga juu na kulaumu mganga.

Basi binamu, ambaye hakuwa na hisa kwenye ubishi wetu, akauliza swali moja: kama pini ya 40 inakudanganya na ya 50 na 60 hujawahi hata kuzijaribu, zinakaa hapo kufanya nini? Jamaa akasema zinapendeza. Kweli zinapendeza. Kuna nyekundu moja hapo hata mimi niliipenda.

Lakini saiti yake ina kitu kingine ambacho hakuwa amekigundua. Ubavuni ina kigurudumu. Ukikizungusha, duara zima linapanda au kushuka, pini zote pamoja. Hii maana yake huhitaji msitu wa pini. Weka pini mbili, ya 20 na ya 30, na siku unapotaka kupiga karatasi ya mbali, shusha duara kwa gurudumu na utumie pini ya chini. Ili ujue ushushe kiasi gani, bandika utepe mweupe pembeni, piga kutoka yadi 30 mpaka iingie, weka alama kwa kalamu, rudi 40, zungusha mpaka iingie, weka alama ya pili. Saiti nyingi huja na tepe zilizochapwa namba. Tafuta ule ambao namba zake zinaangukia kwenye alama zako, ubandike huo. Usimwazime mwenzio wake. Utepe ni wa upinde mmoja, mshale wa uzito mmoja na jicho moja.

Gurudumu nalo lina mtego wake. Ukilizungusha kwenda 40 ukasahau kulirudisha, pini zako zote zinasema uongo kwa mkupuo, na hutajua mpaka mshale upite juu ya gunia. Tulichukua rangi ya kucha ya binamu, nyekundu ya kung'aa, tukapiga doti kwenye gurudumu na doti kwenye fremu. Doti zikikutana, uko nyumbani. Rangi hiyo hiyo tukaipaka kwenye kila skrubu tuliyoikaza, mstari mmoja kutoka kwenye skrubu mpaka kwenye chuma, kwa sababu upinde unatetemeka kila ukipiga na skrubu zinajifungua polepole. Mstari ukikatika unajua skrubu imehama. Kichupa kimoja cha rangi kinatosha mwaka mzima, ingawa mwenyewe bado anaidai.

Halafu mambo mawili ya haraka haraka kabla nafasi haijaniishia. Mishale ya kaboni ikunje kidogo na kuisikiliza kila kabla ya kupiga. Ukisikia inalia kama kijiti kikavu, ivunje utupe, maana ikipasukia kwenye upote vipande vinaingia mkononi. Na saiti iliyopangwa kwa ncha za mazoezi ijaribiwe upya kwa vile vigumba vya wembe, kwa sababu nyembe zinashika hewa na mshale unaweza kwenda kwingine. Tumia gunia la zamani, litakatika katika.

Jua lilipokuwa linazama jamaa alikaa kwenye jembe lililovunjika mpini, akachukua spana, akatoa pini moja baada ya nyingine bila kutuangalia. Ya 60, ya 50, na ile nyekundu ya 40 ambayo aliishika kwa muda mrefu kuliko nyingine. Akazitia kwenye boksi la kiberiti. Kisha akapiga mishale sita ya yadi 20 na sita ya yadi 30 na duara lake likiwa jeupe, pini mbili tu ndani. Kumi na moja sahani. Ule mmoja alisema ni mbu.

Kijiweni walipomuuliza mbawala wa Krismasi yuko wapi, amewaambia wachange wanunue mbuzi. Fomu za TAWA ameniomba nimwelekeze ofisi, na nimemwelekeza. Jumamosi hii tunarudi Mshangano saa tisa alasiri, na binamu amesema safari hii hapimi, anapiga. Mwenye matambara ya kushindilia gunia la tatu aje nayo, na rangi ya kucha, tafadhali, mtu alete yake.